Tumenunua Spika, Nani Anasikia?

Tulimwondoa kijana mmoja katika darasa la kipaimara. Ni vema tuanze na hilo, kabla hatujamnyoshea kidole mwenye mgodi, mganga mkuu au Serikali. Kijana alikuwa na miaka kumi na minne. Mwinjilisti alimwuliza Amri ya Nne, naye akatabasamu tu. Alipoulizwa mara ya pili akataja jina la baba yake, wenzake wakacheka. Jumapili iliyofuata alikaa nyuma kabisa akitazama dirishani, na sisi tukaandika katika daftari neno moja: mkaidi. Baada ya wiki tatu tukamwambia arudi mwakani akiwa amepata adabu.

Mwaka ukapita. Aliyetufumbua macho hakuwa daktari. Alikuwa bibi yake, aliyekuja ofisini siku ya mnada akiwa na kuku wa sadaka mkononi. Hakuzunguka sana. Alisema, "Baba Mchungaji, mjukuu wangu hasikii. Mimi nikimwita namgonga begani, ndipo anageuka. Ninyi mlimgonga begani?"

Hatukuwa tumemgonga begani.

Wapendwa, usharika wetu uko katika ukanda wa dhahabu, kati ya Kahama na Geita. Wasomaji wa mbali wanaujua ukanda huu kwa majina ya migodi mikubwa: Mwadui ya almasi tangu 1940, Geita iliyoanza kuzalisha mwaka 2000, Bulyanhulu mwaka 2001, Buzwagi iliyofuata na sasa imefungwa. Sisi tunaujua zaidi kwa Kakola, Segese, Mwakitolyo, Nyarugusu, Rwamagasa, Mgusu na Katoro, yaani mahali ambapo watu wetu wanashuka duarani kwa kamba na kupandisha mawe kwenye viroba. Na tunaujua kwa sauti. Karasha ni pipa la chuma linalozunguka likiwa na magololi ya chuma ndani yake, na kazi yake ni kusaga mawe yawe unga. Karasha moja unaisikia kutoka barabarani. Zikikaa kumi uwanja mmoja, pamoja na injini zake za dizeli, watu wa pale hawazungumzi, wanapigana ishara za mikono. Baba wa kijana wetu amefanya kazi karashani miaka tisa. Nyumba yao iko umbali wa kurusha jiwe kutoka pale, na mtoto alilala na kuamka katika mvumo huo tangu akiwa mgongoni. Juu ya hayo alitoka usaha sikioni tangu akiwa na miaka mitatu. Walimtia mafuta ya moto, wakamtia maji ya majani, na mganga mmoja akawaambia ni mkono wa jirani.

Kuna jambo ambalo kila mchungaji wa ukanda huu angepaswa kulijua kama anavyojua kalenda ya Kanisa. Wataalamu wamekubaliana kwamba mtu asikae katika kelele ya desibeli 85 kwa zaidi ya saa nane kwa siku. Kelele ikipanda kwa desibeli 3 tu, muda ule unakatwa nusu: kwenye 88 ni saa nne, kwenye 91 ni saa mbili. Ikifika 100, muda uliobaki ni robo saa. Mashine ya kutoboa mwamba inapita hapo. Ndani kabisa ya sikio mna vinyweleo vidogo visivyoonekana kwa jicho, na ndivyo vinavyopokea sauti na kuipeleka kwenye mshipa wa fahamu. Vikifa havioti tena. Havina dawa, na hakuna mafuta ya upako yaliyowahi kuviotesha. Mtu haumwi, hatoki damu. Anaanza kusema watu siku hizi wananong'ona, kisha anaongeza sauti ya redio, kisha anaacha kwenda vikaoni kwa sababu amechoka kuitikia mambo asiyoyasikia. Wazee wetu wa kanisa waliojiuzulu wakisema "nimezeeka, waachieni vijana", ni wangapi walikuwa hawasikii tu? Hatukuwauliza.

Kelele si peke yake. Zebaki inayochomwa jikoni ili kupata dhahabu huharibu mishipa ya fahamu, na watu wa Minamata kule Japani, ambao mji wao umeupa jina mkataba wa kimataifa wa 2013 kuhusu zebaki, walipoteza uwezo wa kusikia pamoja na kuona na kutembea sawasawa. Kwinini nyingi huleta mvumo na uziwi. Sindano za gentamisini, na zile za zamani za kifua kikuu sugu, zimewaokoa watu wengi na zimewaacha baadhi yao viziwi. Uti wa mgongo, surua, homa ya kichanga. Shirika la Afya Duniani lilisema katika ripoti yake ya mwaka 2021 kwamba watu zaidi ya milioni 430 duniani wanahitaji huduma kwa sababu ya kupungukiwa usikivu, wengi wao katika nchi kama yetu, na kwamba asilimia 60 ya uziwi wa utotoni ungeweza kuzuilika. Kijana wetu yumo katika hiyo asilimia 60. Kilichohitajika kilikuwa mtu wa kusafisha sikio, kulikausha na kumpa dawa ya matone akiwa na miaka mitatu.

Sasa tuwaambie tulivyozunguka naye.

Zahanati walimpa vidonge vya siku tano. Tulirudi, wakampa vidonge vingine vya siku tano. Kituo cha afya walisema apelekwe juu. Huko juu, ambapo hatutapataja, tulifika saa moja asubuhi na kukaa benchi hadi saa nane. Jinsi ya kuita wagonjwa pale ni hii: muuguzi anasimama mlangoni na kutaja jina mara moja, kisha anataja la mwingine. Fikirini. Chumba wanachoitia watu wasiosikia, na wanawaita kwa sauti. Bibi alikuwa ametoka kwenda msalani, jina la mjukuu likapita. Tulipolalamika tukaambiwa, "Aliitwa hakuitika." Tulicheka kwanza, halafu hatukucheka. Yalikuwa maneno yetu yale yale ya darasa la kipaimara.

Daktari tuliyemwona siku ya pili alikuwa mwungwana, akatazama na kusema ngoma ya sikio la kulia imetoboka, la kushoto limebaki na uwezo kidogo, ila apimwe. Kipimo chenyewe kinahitaji mashine, mtu aliyefundishwa kuitumia na chumba kisichopitisha sauti. Katika wiki ile tuliyozunguka hatukupata vyote vitatu mahali pamoja. Hapa kwetu kuna masoko ya madini tangu 2019, yenye mizani inayopima dhahabu hadi chembe ya gramu, na mnunuzi hawezi kumdhulumu muuzaji hata punje. Tunaipongeza Serikali kwa hilo. Lakini sikio la mtoto wa aliyeichimba dhahabu hiyo tulilipima kwa kupiga makofi nyuma ya kichwa chake.

Mwishowe tulifika Mwanza, na baada ya safari tatu akapimwa. Kadi ya bima ilikubali kumwona daktari na ikakataa kifaa. Bei ya shimesikio moja, la sikio moja, ilizidi ng'ombe wawili wazuri. Usharika ukachanga, baba akauza baiskeli, shangazi wa Kahama akamalizia. Kijana alivaa. Siku ile aligeuka mwenyewe bibi alipomwita kutoka nyuma, na bibi akakaa chini palepale kwenye sakafu ya hospitali.

Tungetamani kuishia hapo, kama wafanyavyo wanaokuja na magari na mabango. Tumewaona: wanakuja siku moja, wanawavika watu vifaa, wanapiga picha, wanaondoka. Hatusemi nia yao ni mbaya. Tunasema shimesikio si miwani. Betri yake ni ndogo kama kidonge na inaisha wiki moja au mbili. Kile kipande laini kinachokaa ndani ya sikio huchongwa kwa kufuata tundu la sikio la mtu mwenyewe, na mtoto anakua, kwa hiyo kinapwaya, kifaa kinapiga filimbi, mtoto anachekwa, anakivua na kukiweka kabatini. Vumbi letu jekundu linaingia, jasho linaingia. Anayehitajika ni fundi na mtaalamu anayepatikana Jumanne ijayo na Jumanne ya mwezi ujao. Tumewahi kufanya sensa yetu ndogo ya nyumba kwa nyumba katika mtaa mmoja wa usharika, tukakuta vifaa vinne vya msaada. Vyote vinne vilikuwa vimefungwa kwenye leso.

Kuna watakaotuambia kwamba Taifa limepiga hatua. Ni kweli. Juni 2017 Muhimbili ilianza kupandikiza vifaa vya usikivu ndani ya sikio kwa upasuaji, jambo ambalo zamani lilimlazimu mtoto kupelekwa nje ya nchi, na tulimshukuru Mungu. Lakini Muhimbili iko zaidi ya kilometa elfu moja kutoka Geita, na upasuaji ule ni wa wachache wenye hali yake. Tunachokililia sisi ni kitu cha chini kabisa: pamba, matone, kipimo, betri. Nyumba haianzi kwa paa.

Wengine watasema sheria ipo. Ipo. Sheria ya Watu wenye Ulemavu ya 2010 ipo, Sheria ya Afya na Usalama Mahali pa Kazi ya 2003 ipo, Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi umefanya kazi tangu 2015. Katika mgodi mkubwa mfanyakazi anapewa viziba masikio, anapimwa, na akiumia kuna mahali pa kudai. Lakini baba wa kijana wetu hana mwajiri. Ana mwenye karasha, ambaye ana mwenye eneo, ambaye ana mwenye leseni. Malipo yake ni mgawo, na mawe yakikosa dhahabu hana malipo. Mfuko unalipa mfanyakazi aliyechangiwa na mwajiri wake. Mtu wa mgawo hachangiwi na yeyote. Hapo ndipo walipo watu wetu wengi, na sheria nzuri inapita juu yao kama ndege ya kwenda Mwanza.

Tulimwuliza mwenye karasha mmoja, mshiriki wetu, tena mtoaji mzuri wa sadaka, kwa nini hanunui viziba masikio vya vijana wake. Akajibu kwamba hawavivai, wanataka kusikia mwamba unapolia ili wakimbie. Jibu hilo si la kubezwa. Novemba 2015, kule Nyangalata wilayani Kahama, wachimbaji waliofukiwa waliokolewa baada ya siku 41 chini ya ardhi, kwa sababu wenzao walisikia sauti zao. Duarani sikio ni uhai. Lakini ndugu yetu huyu alikuwa anazungumzia karasha, si duara. Karashani hakuna mwamba wa kulia. Tulimwambia hivyo, naye akasema atafikiri. Bado anafikiri.

Na sheria ya madini, kama ilivyorekebishwa mwaka 2017, inaitaka kampuni iandae kila mwaka pamoja na halmashauri mpango wa kuisaidia jamii inayoizunguka. Tumeona matunda yake: madarasa, zahanati, hata uwanja wa mpira. Sisi tunapenda mpira. Tunauliza tu ni diwani gani, ni mchungaji gani aliyealikwa kwenye kikao cha wadau, aliyewahi kusimama akaomba chumba kimoja cha kupimia masikio. Tuliokuwa tumealikwa mwaka ule tuliomba bati.

Maana dhambi iliyo nzito zaidi katika habari hii, kwa maoni yetu, imekaa kanisani. Sisi Walutheri ni watu wa Neno. Tumefundishwa, na Makumira tuliandikia mitihani, kwamba imani huja kwa kusikia, Warumi 10:17. Luther alipofundisha Waraka kwa Waebrania alithubutu kusema kwamba masikio peke yake ndiyo viungo vya Mkristo. Tunalirudia hilo kwa fahari, na hatujiulizi linamwacha wapi asiye nayo. Luther mwenyewe hakuwa mgeni wa jambo hili. Mwaka 1527 alipigwa na mvumo mkali sikioni hata akazirai, na mivumo hiyo ilimrudia miaka mingi. Na mwaka 1520, alipoandika kuhusu Misa, alijibu swali la iwapo kiziwi apewe Meza ya Bwana, akasema apewe, ikiwa ishara zake zinaonyesha kwamba anaitamani. Ishara zake! Miaka mia tano iliyopita. Sisi tulimnyima kijana kipaimara kwa sababu hakuitika.

Tazameni tulichofanya badala yake. Miaka miwili iliyopita tulipiga harambee, tukanunua spika nne, mixa na vinanda. Waimbaji sasa wanasikika hadi ng'ambo ya bonde, na watoto wa Shule ya Jumapili wanakaa mbele kabisa, miguuni pa spika, saa tatu kila wiki. Ndiyo, tumejenga karasha yetu wenyewe na kuiweka karibu na madhabahu. Katika harambee ile hakuna aliyetaja fungu la mkalimani wa lugha ya alama. Mzee mmoja alinong'ona kwamba viziwi hawaji kanisani, kwa hiyo mkalimani wa nini. Na sisi tuliokuwa mbele tulinyamaza.

Kisha kuna uponyaji wa uwanjani. Mwaka jana mhubiri mgeni alimpandisha jukwaani kijana wetu huyu huyu, akamtia vidole masikioni, akakemea pepo wa uziwi na kumwamuru aseme "Aleluya". Kijana alisema kitu kinachofanana nalo, umati ukalipuka. Alikuwa amesoma midomo. Anaisoma midomo tangu akiwa mdogo, ndiyo akili aliyojipatia bila mwalimu. Usiku ule bibi yake aliambiwa asimrudishe hospitali, kwa maana kurudi ni kukosa imani.

Sisi tunaamini Mungu anaponya. Ndiyo maana tunawaomba ndugu zetu wa uwanjani wasome tena Marko 7. Bwana Yesu alimtoa yule mtu kando, mbali na mkutano. Hakumpigia kelele. Alimgusa masikio, akamgusa ulimi, akatazama juu: mambo ambayo mtu asiyesikia anaweza kuyaona na kuyahisi. Aliugua moyoni. Na baada ya kumfungua akawakataza wasitangaze. Jukwaa liko wapi hapo? Hata majirani wa kuhani Zakaria, katika Luka 1, walijua la kufanya: walimwuliza kwa ishara, naye akaomba kibao akaandika. Hakuna aliyemwambia arudi mwakani.

Tuseme na hili, lisije likatupotosha. Wako wasiosikia ambao hawatafuti kifaa wala muujiza. Wana lugha yao, Lugha ya Alama ya Tanzania, wana chama chao, CHAVITA, wana shule. Kanisa letu linalijua hili, kwa kuwa lilianzisha shule za viziwi Mwanga na Njombe. Hapa Shinyanga, Buhangija, watoto viziwi, wasioona na wenye ualbino wanasoma na kulala pamoja. Kwa hao kosa letu si kuwakosesha kifaa, bali kuwa viziwi wa lugha yao. Mzee aliyepoteza usikivu duarani akiwa na miaka hamsini ni habari nyingine. Huyo anataka kumsikia mkewe. Anayewachanganya hao wawili, akamletea mmoja dawa ya mwenzake, hajawatembelea nyumbani.

Kwa hiyo tunayadai haya, na tunaanza kujidai wenyewe. Kila mwinjilisti wa ukanda huu afundishwe kumgundua mtoto asiyesikia kabla ya kumwita mkaidi, jambo la siku moja tu. Fungu la diakonia katika kila jimbo liwe na mstari wa betri, kama lilivyo na mstari wa mafuta ya pikipiki ya mchungaji. Spika zipunguzwe na watoto wasogezwe nyuma. Mshiriki mwenye karasha asipewe uzee wa kanisa mpaka vijana wake wawe na viziba masikio. Tunajua tutapoteza sadaka kadhaa. Vyuo vyetu vya theolojia viweke lugha ya alama pale vilipoweka Kiyunani, angalau muhula mmoja, maana Kiyunani tumekisahau wengi wetu na hakuna mshiriki aliyelalamika. Kwa halmashauri na kampuni: kabla ya uwanja mwingine, chumba kimoja, mashine moja na mtaalamu mmoja mwenye mshahara wa kudumu katika kila mkoa wa ukanda wa dhahabu. Kwa hospitali: andikeni majina ubaoni, au inukeni mkamguse mtu begani.

Kijana tulimrudisha darasani. Tulimwomba msamaha mbele ya wenzake, naye hakuelewa vizuri tulichosema, kwa hiyo mwinjilisti akamwandikia. Alisoma, akakunja karatasi, akaitia mfukoni. Amri ya Nne anaijua pamoja na maelezo yake yote ya Katekisimo Ndogo, na anaiandika bila kosa. Amebakiza betri mbili. Kipande cha sikio kimeanza kupwaya tena, kinapiga filimbi wakati wa sala, na watu wanageuka kumtazama. Jumatatu tunapanda naye basi la Mwanza, safari ya tano sasa.